Mama yuko TASAF, mbona mtoto bado anadaiwa hela ya matibabu?

Swali hili kuhusu TASAF, mfuko wa serikali unaotoa ruzuku kwa kaya maskini, limetoka kwa kijana wa Kilolo, mkoani Iringa. Nalifupisha: "Mama yangu ni mlengwa wa TASAF. Analea wajukuu wawili, watoto wa marehemu dada yetu, mmoja ana miaka 3 na mwingine 9, pamoja na mdogo wetu wa kike wa miaka 16. Kila malipo yakikaribia anakumbushwa kumpeleka yule wa miaka 3 kliniki, la sivyo ruzuku itakatwa. Lakini huyu wa miaka 9 ndiye anayeumwa. Baridi ikishika anabanwa kifua, na tukimfikisha kituo cha afya tunaambiwa tulipie kwanza. Je, kuwa TASAF si ndiyo kutambuliwa kwamba hatuna uwezo? Mbona kituoni hawatutambui? Na tukikata bima, mama hataonekana amejiweza akaondolewa?"

Mdogo wangu, kamwene. Mfikishie mama shikamoo yangu, maana kulea wajukuu katika umri wake, kwenye mvua na baridi ya huko kwenu, ni kazi ya kustahili heshima.

Nianze na jibu lenyewe. Mama ametambuliwa kweli kwamba hana uwezo, ila utambuzi huo umeandikwa kwenye daftari la TASAF, na mhasibu wa kituo cha afya hana daftari hilo mbele yake. Ili umaskini mliokwisha kuuthibitisha kule uhesabike na huku, lazima mtu auvushe. Kwa taratibu zetu zilivyo, mtu huyo ni afisa ustawi wa jamii. Familia nyingi hukutana naye zimeshachelewa, baada ya kuuza kuku na kukopa, au hazikutani naye kabisa. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: kabla hamjafika kwenye dirisha la malipo la kituo, fikeni kwake.

Sasa nieleze kwa nini mambo yako hivi, kwa sababu ukielewa mahali penye pengo utajua pa kusimama ukidai.

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulianza 2012 chini ya TASAF. Kaya hupewa ruzuku, na sehemu ya ruzuku hiyo imefungwa na masharti ya elimu na afya. Kwa upande wa afya, masharti yalivyowekwa tangu mwanzo ni kwamba mjamzito ahudhurie kliniki angalau mara 4, mtoto wa chini ya miaka 2 apelekwe kila mwezi, na wa kati ya miaka 2 na 5 kila miezi 6. Akishavuka miaka 5, sharti la afya linamwacha na sharti la shule linampokea. Hapo ndipo mjukuu wenu wa miaka 9 alipoangukia: mpango unamfuatilia kama anaingia darasani, ila kama anapumua vizuri usiku hakuna fomu inayouliza.

Upande wa pili kuna mfumo wa afya, wenye historia yake. Wananchi walianza kuchangia gharama za matibabu mwaka 1993. Ikaonekana mapema kwamba wapo wasioweza, ndipo ukaja msamaha. Sera ya Afya ya 2007 inawataja wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, wazee wasio na uwezo na wenye magonjwa sugu. Kwa wengine wasiojiweza upo msamaha wa mtu mmoja mmoja, unaotolewa baada ya ustawi wa jamii kujiridhisha. TASAF iko Ofisi ya Rais, zahanati iko chini ya halmashauri, na sera ya matibabu iko Wizara ya Afya. Kila ofisi imefanya sehemu yake, ila kazi ya kuziunganisha haikukabidhiwa kwa mtu yeyote kama wajibu wake wa kila siku.

Nimeliona hili kwa macho mara nyingi kwenye vijiji vya nyanda hizi. Siku ya malipo akina mama wanakaa kwenye nyasi mbele ya ofisi ya kijiji, kila mmoja na mfuko wake wa nailoni, na ndani yake kitambulisho cha TASAF na kadi ya kliniki ya mtoto iliyochakaa kwenye mikunjo. Zahanati iko pale pale, ukiita mtu anaitika. Kadi ya kliniki inatolewa, inatazamwa kama ina muhuri, inarudi mfukoni. Hakuna anayesoma kilichoandikwa ndani: kwamba uzito wa huyu mtoto haujapanda tangu kiangazi, kwamba huyu ameandikiwa rufaa na hajaenda. Muuguzi angesogezwa tu hapo na meza yake, siku ile ile, kaya zote maskini za kijiji zingekuwa mbele yake kwa wakati mmoja. Inaniuma, kwa sababu gharama yake ni ndogo mno.

Sasa tuwachukue watoto wenu mmoja mmoja, maana kila mmoja ana njia yake.

Wa miaka 3 ni mwepesi kuliko wote. Matibabu yake katika kituo cha umma ni bure kwa sera, hata bila bima na hata bila TASAF. Mkidaiwa hela ya kumwona daktari au ya kipimo, ulizeni kwa upole lakini kwa sauti ya kusikika: "Huyu ana miaka 3, tunalipia nini?" Shida halisi huwa dawa. Unaambiwa zimekwisha, unaandikiwa karatasi, unaelekezwa duka la dawa. Hapo ombeni mambo mawili: mwandikie dawa mbadala iliyopo kama ipo, au mtuelekeze kituo kingine cha umma chenye hiyo dawa. Na safari hiyo, hata kama mmerudi mikono mitupu, iandikwe kwenye kadi. Mtoto akipelekwa na huduma ikakosekana, kosa si la mama. Ruzuku ikikatwa kwa sababu hiyo, apeleke malalamiko kwenye kamati ya TASAF ya kijiji na kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri, akiwa na kadi mkononi.

Msiishie kwenye chanjo na mizani tu. Ombeni apimwe urefu. Mkoa wetu wa Iringa unalisha watu kwa mahindi, maharage, viazi na maziwa, na bado utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani wamedumaa. Ni kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Njombe nayo imefika asilimia 50. Takwimu hizi zinatuambia jambo ambalo wanaogawa ruzuku wanapaswa kulitafakari: fedha na chakula vinaweza kuwamo ndani ya nyumba na mtoto akaendelea kudumaa. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto anakula mara mbili kwa siku, uji ni mwepesi, kuhara kunarudi kila mara, na kifua kikishika hamu ya kula inakwisha. Ruzuku inasaidia pale tu ambapo kuna mtu wa afya anayeingia nyumbani na kuona chungu kinavyopikwa. Kila kijiji kinatakiwa kuwa na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kila robo ya mwaka. Muulizeni mtendaji ni lini, na mama aende na mtoto. Kama haijafanyika kwa muda mrefu, liulizwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ajenda iandikwe.

Huyu wa miaka 9 ndiye mwenye kazi.

Kwanza, kifua cha kubana kinachorudi kila baridi kinahitaji jina. Inaweza kuwa pumu, inaweza kuwa kingine, na mimi si daktari wa kumpima kwa maandishi. Ila jina la ugonjwa ni muhimu hata kwa upande wa karatasi, kwa sababu magonjwa sugu yamo kwenye misamaha. Mtoto anayekuja na kikohozi leo, kikohozi mwezi ujao, anahesabiwa mgonjwa mpya kila safari na analipishwa kila safari. Mtoto mwenye faili lililoandikwa na daktari kwamba ana ugonjwa wa kudumu na anahitaji kuhudhuria, huyo anaweza kuombewa msamaha wa kueleweka. Ombeni achunguzwe vya kutosha ili jina hilo lipatikane, na mkilipata lisiishie mdomoni, liandikwe. (Na jikoni, kama mnapikia kuni ndani ya nyumba anayolala, mhamishieni kitanda mbali na moshi. Hili halina fomu.)

Pili, kusanyeni karatasi. Barua ya mtendaji wa kijiji inayosema kaya hii ni ya mlengwa wa TASAF na mtoto ni yatima anayelelewa na bibi yake. Nakala ya kitambulisho cha TASAF. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Na chochote kilichoandikwa kituoni safari zilizopita, hata kipande. Hiki cheti cha kuzaliwa watu hukidharau mpaka siku ya bima na siku ya rufaa. Mpango wa kuwasajili bure watoto wa chini ya miaka 5, kupitia vituo vya afya na ofisi za kata, ulianzia Mbeya mwaka 2013 na baadaye ukaenea hadi Iringa na mikoa mingine. Kama huyu mdogo wa miaka 3 hana cheti, mkamilisheni sasa angali ndani ya umri huo. Wa miaka 9 atapitia ofisi ya wilaya ya RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, kwa utaratibu wa waliochelewa, kuna ada na usumbufu kidogo, lakini kipatikane.

Tatu, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii. Mwenye kazi hii yupo makao makuu ya halmashauri na kwenye hospitali. Kituo cha afya kisipokuwa naye, ulizeni kwa mganga mfawidhi ni nani anayeshughulikia misamaha. Semeni: "Tunaomba tathmini ya kaya kwa ajili ya msamaha wa matibabu." Msiseme mmekuja kuomba msaada. Ukiomba msaada unaweza kujibiwa kwamba fungu halipo. Ukiomba tathmini unaomba utaratibu uliopo, na afisa anawajibika kukusikiliza, kuandika na kukujibu. Barua ya TASAF inamrahisishia, kwa kuwa kaya yenu ilikwisha kupita mkutano wa hadhara wa kijiji na majirani wakathibitisha hali yenu. Sioni sababu ya kumfanya mama ajieleze upya mbele ya mlango mwingine, na ninapokutana na viongozi wa halmashauri hulisema hili bila kuzungusha: orodha ya walengwa ipelekwe kituoni, ikae dirishani, isasishwe kila malipo. Majina yenyewe ni yale yale.

Nne ni bima, na hapa nieleze kwa undani kidogo. CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, iliwekwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6, inayotibu kuanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa kufuata rufaa. Kwa nyumba yenu ya watu wanne ingekuwa sawa na 2,500 kwa mwezi. Ukiisikia hivyo unaona ni kidogo, lakini hebu iweke kando ya ruzuku. Katika awamu ya kwanza ya mpango, ruzuku ya msingi ilikuwa 10,000 kwa mwezi, na hata kaya yenye watoto wengi haikuweza kuvuka 38,000. Kumwambia mama wa aina hiyo atoe 30,000 kwa mkupuo mmoja ni kumwambia achague kati ya bima na mbolea, na msimu wa kupanda haumsubiri. Ndiyo maana nasema kaya za TASAF hazikupaswa kuachiwa zijikatie zenyewe. Ghana waliliona hili. Kaya zilizo kwenye mpango wao wa ruzuku uitwao LEAP husamehewa mchango wa bima ya taifa ya afya, yaani kuingia kwenye orodha moja kunakufungulia na ya pili. Rwanda nao, serikali ilibeba michango ya kundi maskini kabisa kwenye bima ya jamii.

Kwetu mlango huo umeanza kufunguliwa kisheria. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na ndani yake kuna mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, vyanzo vyake vikiwa pamoja na ushuru wa soda, pombe na vipodozi. Utekelezaji wake unakwenda kwa hatua, na CHF inapisha utaratibu huo mpya. Kwa hiyo msikubali kukata kadi yoyote kwa maneno ya mtu wa njiani. Mwulizeni mratibu wa bima wa halmashauri mambo matatu: kifurushi kilichopo sasa ni kipi, kaya ya TASAF inalipiwa na nani, na kama bado haijaanza kulipiwa, jina la mama limo kwenye orodha ya wasio na uwezo? Hilo la tatu ndilo la kukomalia. Serikali ikishalipa kwa ajili ya maskini, swali litakalobaki ni nani anahesabika kuwa maskini, na kaya isiyo kwenye karatasi siku hiyo itaachwa.

Kama mtalazimika kulipa wenyewe wakati mnasubiri, tumieni kikundi cha kuweka akiba cha walengwa. Vikundi vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na maradhi. Nimeona vikundi vikikubaliana kuutumia mfuko huo kuwakatia wanachama bima kwa zamu, wanaanza na wenye wagonjwa, na anayekatiwa anarejesha kidogo kidogo kila malipo. Mama apeleke hoja hiyo.

Tahadhari moja kuhusu rufaa. Kadi ya CHF ilikuwa inaishia hospitali ya mkoa. Mtoto akipelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, kadi hiyo haimbebi, na familia nyingi za Iringa na Njombe hugundua hilo zikiwa tayari zimeshuka kwenye basi. Mkiandikiwa rufaa ya namna hiyo, msiondoke Iringa bila barua ya ustawi wa jamii wa hospitali iliyowapa rufaa, ili wa kule Mbeya awapokee kama kesi inayojulikana. Nauli na chakula cha anayemuuguza hakuna anayevilipia. Pangeni na ndugu mapema.

Nimalizie na binti wa miaka 16, ambaye hukumwulizia lakini umemtaja. Umri wake mpango unamwona kama mwanafunzi tu. Akiacha shule anatoweka kwenye hesabu, na huo ndio umri ambao kwenye nyumba maskini binti anapelekwa mjini kufanya kazi za ndani, au anapata mimba, au vyote viwili. Jaribio moja zuri lilifanyika huku huku kwetu. Mradi wa Ujana Salama, wa TASAF pamoja na TACAIDS, yaani Tume ya Kudhibiti UKIMWI, na UNICEF, uliwalenga vijana wa miaka 14 mpaka 19 kutoka kaya za walengwa katika halmashauri za Mufindi, Mafinga Mji, Rungwe na Busokelo, na utafiti wake ukahusu vijiji 130. Juu ya ruzuku ya kaya waliongezewa mafunzo ya maisha na afya, mlezi wa kuwaongoza, mtaji mdogo, na vituo vya afya vikaandaliwa kuwapokea vijana bila kuwakemea. Nilichokipenda ni kwamba kumuunganisha kijana na kituo hakukuachwa kuwa hisani ya mtu mwema. Ilikuwa kazi yenye mtu wake na bajeti yake. Ruzuku peke yake isingemfikisha binti kwa muuguzi. Kwenu Kilolo hapakuwa kati ya halmashauri hizo, lakini mhudumu wa afya ngazi ya jamii mnaweza kuwa naye, maana serikali ilizindua mpango wa kuwaajiri wahudumu hawa nchi nzima Januari 2024. Mtafuteni aje nyumbani aongee na binti peke yake, siyo mbele ya mama wala mbele yako. Na siku yoyote atakapokuwepo mjamzito au mtoto mchanga nyumbani na hali ikabadilika usiku, pigeni 115, simu ya bure ya usafiri wa dharura wa m-mama.

Kuhusu hofu ya mama kwamba bima itamwondoa TASAF: amwambie mwezeshaji wa TASAF waziwazi kwamba anataka bima, asifiche. TASAF wenyewe wamekuwa wakiwahimiza walengwa wajiunge na CHF. Kinachoangaliwa kaya inapotathminiwa upya ni hali ya maisha ya nyumba nzima, na kadi ya matibabu ya mtoto yatima haiongezi bati juu ya paa wala gunia ghalani. Kama kuna kiongozi wa kijiji anayewatishia walengwa kwa maneno hayo, jina lake na cheo chake vifikishwe kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri, na wewe kijana ndiye wa kwenda naye mama siku hiyo, ili asiende peke yake.